Unga uliogeuka kijani: kisa cha kompositi ya MOF na rangi iliyopotea

Kisa hiki kilitokea kweli kwenye maabara niliyokuwa nafanya kazi, mimi nikiwa mtu wa mashine za kupimia, sio wa kutengeneza unga. Jina la chuo, la mwanafunzi na la msimamizi nimeyatoa, na vitu vidogo vidogo vya kumtambulisha mtu nimevibadilisha. Mwanafunzi nitamwita Z, alikuwa anafanya shahada ya uzamili, na ameniruhusu niandike, akasema tu kaka usinifanye nionekane mjinga. Hakuwa mjinga. Sote tuliokaa kwenye kile kikao tuliona mchoro uleule na tukapiga makofi.

Tulikuwa tunatafuta nini

Kazi ilikuwa ni kutengeneza unga ambao ukiutia kwenye maji machafu na kuumulika, unavunja uchafu wa kikaboni. Unga wenyewe ni kompositi, yaani vitu viwili vimeoteshwa pamoja. Cha kwanza ni MOF, hivi viunzi vya vifundo vya metali vilivyoshikwa na molekuli za kikaboni, fikiria jukwaa la mafundi ujenzi, nguzo na viungio halafu katikati uwazi mtupu. Ndivyo vilivyowapa Kitagawa, Robson na Yaghi Nobeli ya kemia 2025, na tangu hapo kila mtu anataka neno MOF kwenye kichwa cha pendekezo lake. Ya kwetu ilikuwa UiO-66-NH2, ndugu wa UiO-66 iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo mwaka 2008, vifundo vyake ni vya zirkoniamu na kila kifundo kinashikwa na viunganishi 12, ndio maana inavumilia maji na asidi kuliko MOF nyingi. Gramu moja ina uso wa ndani kama mita za mraba 1000 hivi.

UiO-66 ya kawaida haioni mwanga wetu wa macho, inameza urujuanimno tu. Ukiweka kundi la amino kwenye kiunganishi inageuka njano na kuanza kumeza mpaka karibu nanomita 440. Cha pili kilikuwa kaboni nitridi, unga mwingine wa njano unaopatikana kwa kuchoma melamini kwenye nyuzi 550, pengo lake la nishati, yaani nishati ya chini ambayo mwanga unatakiwa kuwa nayo ili urushe elektroni, ni 2.7 eV, ukigawa 1240 (namba ya kugeuza eV kuwa nanomita) kwa 2.7 unapata nanomita 459, yaani kwenye bluu. Tatizo la kaboni nitridi ni kwamba elektroni ikirushwa na mwanga inarudi haraka kwenye tundu lake, ile nafasi iliyoiacha, kabla haijafanya kazi yoyote, na uso wake ni mdogo. Kwa hiyo wazo la Z lilikuwa zuri kabisa: otesha MOF juu ya karatasi za kaboni nitridi, elektroni ikirukia upande wa pili itachelewa kurudi, na vitundu vya MOF vitausogeza uchafu karibu na kazi ilipo. Hilo wazo la vitundu kusogeza uchafu karibu likumbuke, maana ndilo lililotuchoma.

Ilivyotokea

Z alitawanya kaboni nitridi kwenye DMF, kiyeyushi cha kikaboni, kwa mawimbi ya sauti, akatia kloridi ya zirkoniamu, kiunganishi chake na asidi asetiki kidogo, akafunga kwenye chombo cha shinikizo, nyuzi 120 kwa saa 24. Akaosha mara moja kwa DMF, mara mbili kwa methanoli, akakausha. Uoshaji huo nao ukumbuke.

Jaribio likafanywa kwa methilini bluu, ile rangi ambayo karibu kila anayeingia kwenye fani hii anaanza nayo, ni rahisi, ni ya bei ndogo na unaona kwa macho inavyofifia. Mililita 50 za maji zenye miligramu 10 za rangi kwa lita, miligramu 20 za unga, dakika 30 gizani ili rangi itulie juu ya unga, halafu taa ya zenoni ya wati 300 yenye filta inayokata kila kitu chini ya nanomita 420. Baada ya dakika 90 za mwanga asilimia 94 ya rangi ilikuwa imeondoka. Mchoro ulishuka kama mtu aliyeteleza ngazi.

Kikaoni prof alisema hii iandikwe haraka. Z alikuwa tayari amechora ule mchoro wa mishale, elektroni zinatoka huku zinaenda kule, matundu yake yanabaki hapa, radikali za haidroksili, yaani vipande vikali vya OH vinavyoshambulia uchafu, zinazaliwa pale, kila kitu na rangi yake. Mimi siku ile sikusema kitu.

Siku mbili baadaye nilikuwa nasafisha sentrifuji, mashine inayozungusha mirija ili unga utuame chini, nikakuta mirija ya Z haijaoshwa. Unga aliotengeneza ulikuwa njano hafifu. Uliokuwa chini ya mrija ulikuwa kijani. Nikakaa nautazama kama dakika nzima, maana njano ukiitia bluu unapata nini? Kijani. Rangi ilikuwa haijavunjwa yote, nyingine ilikuwa imehama tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye unga, na spektrofotomita yangu, mashine inayopima mwanga unaomezwa, inapima maji, unga haiuoni kabisa.

Nikamwita, nikamwonesha. Akasema "labda ni kidogo tu kaka." Nikamwambia labda, tupime.

Maamuzi, na kwa nini tuliamua hivyo

Uamuzi wa kwanza ulikuwa ni kusimamisha uandishi wiki tatu, na huo haukuwa rahisi maana prof alikuwa ameshawaambia watu. Z ndiye aliyemwendea, akabeba ule mrija mkononi, hakubeba maelezo marefu, na nadhani ndio maana ilikubalika.

Tukaanza na jaribio ambalo lilitakiwa lifanyike siku ya kwanza: kila kitu vilevile lakini taa imezimwa mpaka mwisho, dakika 120 za giza. Asilimia 71 ya rangi ikaondoka. Gizani! Dakika 30 alizokuwa ameweka zilikuwa zimechukua 41 tu, kwa hiyo pale taa ilipowashwa rangi ilikuwa bado inaendelea kuingia kwenye unga taratibu, na kila kilichoingia baada ya hapo kikahesabiwa kuwa ni kazi ya mwanga. Ukiangalia umbo la UiO-66 inaeleweka kwa nini inachelewa, milango yake ni kama nanomita 0.6 na vyumba vyake ni 0.8 na 1.1, na methilini bluu ni molekuli ndefu, inapenya kwa kujibana na mara nyingi kwenye sehemu zenye kasoro ambapo kiunganishi kimekosekana. Nusu saa ni desturi tu iliyozoeleka kwenye makala, sio sheria ya asili, na kwa unga wenye vitundu vyembamba haitoshi. Kibaya zaidi, Z alikuwa amepiga hesabu ya asilimia kuanzia kwenye maji kabla hajatia unga, kwa hiyo hata zile 41 za giza zilikuwa ndani ya 94.

Halafu tukaosha ule unga wa kijani kwa methanoli yenye tone la asidi mpaka ukaacha kutoa rangi, tukapima kilichotoka. Chupa ilikuwa na miligramu 0.5 za rangi tangu mwanzo, zilizodaiwa kuvunjwa ni 0.47, na 0.27 tulizikuta ziko nzima kabisa ndani ya unga. Zaidi ya nusu.

Hapo Z akauliza swali zuri, na hizo 0.20 zilizobaki, si zimevunjwa na kompositi yangu? Ndio na hapana. Taa peke yake bila unga wowote ilikuwa imeondoa asilimia 9. Na methilini bluu yenyewe inameza mwanga sana kwenye nanomita 664, sasa filta yetu ilikuwa inaruhusu kila kitu juu ya 420, maana yake sehemu kubwa ya mwanga ilikuwa inamezwa na rangi, sio na unga. Rangi ikimeza mwanga inaweza kuitupia elektroni kompositi, ikabaki imeumia, ikavunjika yenyewe. Yaani uchafu ndio uliokuwa unajivunja, unga umekaa tu kupokea elektroni. Tukachukua LED nyekundu, mwanga ambao kaboni nitridi na MOF yetu hawauoni hata kidogo, tukarudia. Rangi ikaondoka asilimia 83 badala ya 71 za giza, na LED hiyohiyo bila unga iliondoa 4 tu. Kichocheo cha mwanga kinachofanya kazi kwenye mwanga kisichouona, aisee, hapo hata Z akacheka.

Uamuzi uliofuata ukawa ni kuachana na rangi. Tukahamia fenoli, haina rangi, inameza karibu na nanomita 270, kwa hiyo taa yetu yenye filta haigusi. Inakera kupima kuliko rangi, ila haidanganyi kwa njia ileile. Mara ya kwanza tulipima kwa spektrofotomita tukapata upuuzi, fenoli ilionekana inaongezeka. Inaongezekaje kitu tunachokivunja?

Hapo ndipo ule uoshaji wa haraka ulipotukamata. Ndani ya vitundu kulikuwa na kiunganishi kisichoungana, asidi ya aminoterefthali, kinachuruzika kidogo kidogo kwenda majini na nacho kinameza urujuanimno, kwa hiyo mlima wake kwenye mchoro ulikuwa unapanda juu ya mlima wa fenoli. Tukahamia HPLC, mashine inayovitenganisha vitu kabla ya kuvipima, na Z akarudi kuosha upya: DMF ya moto, kisha kuloweka kwenye methanoli siku tatu akibadilisha kila siku, kisha ombwe kwenye nyuzi 120. Unga ulipungua uzito, na hicho kilichopungua muda wote huo tulikuwa tunakiita kichocheo.

Na hilo likatufumbua macho kuhusu kipimo kingine. Z alikuwa na ushahidi wa radikali za haidroksili, na alikuwa anaupenda sana. Kipimo chenyewe kinajulikana, unatia asidi ya terefthali kwenye maji, radikali ikiipiga inageuka kuwa haidroksiterefthali inayong'aa karibu na nanomita 425. Unga wake ulikuwa unang'aa vizuri sana. Sasa angalia: kiunganishi cha MOF yake ni aminoterefthali, ambayo yenyewe inang'aa karibu palepale bila radikali yoyote. Na terefthali huyeyushwa kwenye maji ya sodiamu haidroksaidi, wakati UiO-66 inavumilia asidi lakini besi inaikata. Kipimo kilikuwa kinaibomoa MOF, MOF inatoa viunganishi, viunganishi vinang'aa, sisi tunashangilia radikali. Tulipozima taa, mng'ao uleule.

Kulikuwa na ajali moja nje ya mpango. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, alitaka kushikilia pH isipande wala kushuka akatia bafa ya fosfeti. Fosfeti inaipenda zirkoniamu kuliko kiunganishi kinavyoipenda, inaipora. Asubuhi yake eksirei, kipimo chetu cha mpangilio wa fuwele, ilikuwa haioni kiunzi tena, milima yake yote imelala. Siku moja ya kazi ikapotea, ila hakuna aliyesahau.

Tulichobaki nacho

Baada ya kuosha vizuri, fenoli miligramu 10 kwa lita, mwanga uleule lakini sasa kwa muda wa saa nne: kompositi iliondoa asilimia 23. Kaboni nitridi peke yake kwa uzito uleule 14. MOF peke yake 4. Ukichanganya unga mbili kwa kijiko kwa uwiano uleule wa kwenye kompositi bila kuziotesha pamoja, 8. Gizani 2, na taa bila unga karibu na sifuri.

Kutoka 94 kwa saa moja na nusu mpaka 23 kwa saa nne. Z hakuongea sana siku hiyo. Lakini zitazame vizuri hizo namba. Kompositi ina asilimia 30 tu ya kaboni nitridi, bado imeishinda kaboni nitridi tupu, na imeushinda mchanganyiko wa kijiko karibu mara tatu. Hiyo tofauti kati ya 8 na 23 ndiyo kazi yake yote ya miaka miwili, ni mguso wa vitu viwili pale vinapokutana, na ni ya kweli. Kwenye methilini bluu isingeonekana kamwe maana ilikuwa imezikwa chini ya unasaji, yaani rangi kunaswa tu na unga.

Kaboni yote iliyobaki majini, ile TOC, ilishuka kwa asilimia 6 tu. Kwa hiyo fenoli nyingi iliyoondoka haikuwa imefika kuwa kaboni dayoksaidi, ilikuwa imegeuka vitu vingine vya njiani, na haidrokwinoni tuliiona kwenye HPLC kwa macho yetu.

Tasnifu iliandikwa upya sura mbili, ikapita. Makala ilienda kwenye jarida dogo kuliko aliloliota prof, na mhakiki mmoja akadai tulinganishe na titania, yaani titani dayoksaidi, kichocheo cha mwanga kilichozoeleka. Tulimjibu kwa adabu kwamba titania ya anatazi ina pengo la 3.2 eV, inaanza kuona mwanga chini ya nanomita 387, na filta yetu inakata 420, kwa hiyo kuishinda pale ni sawa na kumshinda mtu aliyefungwa macho. Akakubali.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kutazama kitu kwa macho. Mashine zote za maabara zilikuwa zimesema kweli, spektrofotomita iliulizwa rangi imebaki kiasi gani majini ikajibu sahihi, ni sisi tuliogeuza jibu kuwa la swali jingine. Mrija mchafu ndio pekee uliokuwa na jibu la swali letu, na ungeoshwa kwa wakati tungechapisha 94.

Mchanganyiko wa kijiko nao ulitusaidia kuliko vipimo vya gharama. Watu wengi wanalinganisha kompositi na A peke yake na B peke yake, wakiona imeshinda zote wanaandika ushirikiano, lakini bila ule mchanganyiko hujui kama kuotesha pamoja kumeleta chochote au ni A na B wanafanya kazi kila mtu kivyake kwenye chupa moja.

Kilichoshindwa, na hapa najihesabu na mimi, ni mpangilio. Tulianza na mchoro wa mishale kisha tukatafuta vipimo vya kuukubali. Mtu angekaa na karatasi dakika kumi kabla ya kipimo cha terefthali angeona kwamba tundu la kaboni nitridi lina nguvu ya kama volti +1.4 mpaka +1.6, wakati kuigeuza haidroksidi kuwa radikali kunataka karibu +2.0. Haifiki. Elektroni zake ndizo zenye nguvu, zinaweza kuipa oksijeni elektroni na kuifanya supaoksaidi kwa urahisi, na radikali za haidroksili zikipatikana zinapatikana kwa kuzunguka njia hiyo ndefu, kidogo. Mng'ao mkubwa kama ule ulitakiwa ututie wasiwasi, sio furaha. Kwenye makala ya mwisho mishale ilibaki miwili tu, na Z mwenyewe ndiye aliyeikata.

Kuhusu kutumika tena, tulifanya mizunguko mitano na ufanisi ulishuka, tukataka kusema kichocheo kinachoka. Kumbe kila tukiusentrifuji na kuuosha tunapoteza unga, tulipoupima uzito na kugawa, kushuka kukawa kudogo. Eksirei ilisema kiunzi kizima, lakini eksirei inaona fuwele tu, kilichovunjika kikawa vumbi lisilo na mpangilio haikioni, ndio maana tuliendelea kutafuta kiunganishi majini kwa HPLC na zirkoniamu kwa ICP, mashine ya kupima metali. Zirkoniamu ilikuwa kidogo sana. Kiunganishi kilionekana mzunguko wa kwanza, ukafuatia wa pili kwa kiasi kidogo, baadaye hakuna.

Kuna kitu kimoja hatukukifanya na sitakificha, hatukupima fotoni, yaani chembe za mwanga. Asilimia 23 kwa taa ya wati 300 haimwambii mtu wa maabara nyingine chochote, taa yake ni tofauti, umbali ni tofauti, chupa ni tofauti. Ilitakiwa LED ya rangi moja na aktinomita ya ferioksalati, mmenyuko wa kuhesabia fotoni, ili tujue fotoni ngapi zimeingia na ngapi zimefanya kazi. LED ya nanomita 405 imeshafungwa mezani na Z ameacha gramu mbili za unga uliooshwa vizuri, umeandikwa tarehe ya kuoshwa na idadi ya siku za methanoli. Anayemrithi anaanza na giza, kwa muda wa saa sita.